Mwanamke Mmoja, Faili Nne

Nimeambiwa kwamba siku hizi pale rekodi hakuna faili inayopotea, kwa sababu mna kompyuta. Aliyeniambia ni mmoja wenu, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, akiwa anatafuta rekodi yangu ya presha kwa dakika arobaini. Mwishowe alinipata. Nilikuwa nimeandikwa mwanamke, umri miaka sita.

Sitaki mfikiri nina hasira. Sawa, nina hasira, lakini si kwa hilo. Nilikaa katika chumba kile miaka thelathini na miwili, karani wa rekodi katika hospitali ya wilaya hapa kwetu kwenye chai, na ninyi mnaoanza sasa mnafikiri ni kazi ya kutafuta karatasi. Hata mimi nilifikiri hivyo. Niacheni niwaeleze jinsi nilivyoacha kufikiri hivyo, na mniache nilalamike katikati, kwa sababu nyumbani hakuna anayenisikiliza tena. Mke wangu akisikia neno "faili" huenda kukamua ng'ombe, hata kama ni saa saba mchana.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu wa wakati ule, Mzee Gachoka. Alizaliwa upande wa Murang'a, akaletwa Kericho akiwa mtoto, wazazi wake wakafungua duka. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, na mwandiko kama wa kadi ya harusi. Shida yake ilikuwa moja: hakujua r inaishia wapi na l inaanzia wapi. Rono kwake alikuwa Lono, Langat akawa Rangat. Na shida yangu mimi, Mkipsigis wa kuzaliwa huku huku, ni b na p, d na t, g na k. Hizo zinabadilishana viti mdomoni mwangu na masikioni mwangu bila kuniomba ruhusa. Kwa hivyo mgonjwa akipita kwa Gachoka alipoteza nusu ya jina, na akipita kwangu alipoteza nusu iliyobaki. Kulikuwa na mama mmoja, Deborah Langat, tuliyekuwa naye katika rafu tatu tofauti. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, wa goti.

Gachoka alijua udhaifu wetu. "Sigei," aliniambia, "mimi na wewe masikio yetu si ya kuaminiwa. Uliza namba ya kitambulisho. Uliza mama yake anaitwa nani na kwao ni wapi. Halafu muulize kama ashawahi kuja hapa na jina ingine, na usimuulize kama polisi. Hii lekodi si yako. Ni ya mwenyewe."

Namba ya kitambulisho nilijifunza kuuliza. Jina la mama pia. Lile la kutouliza kama polisi lilinishinda kwa miaka mingi, na ninyi nawaona linavyowashinda. Mwanamke wa huku kwetu ana jina la kanisani, jina la kuzaliwa, jina la baba, na akiolewa ana jina la mume. Akikupa lolote kati ya hayo hajakudanganya. Ninyi mnampandishia sauti: "Sasa jina lako ni gani hasa?" Watu ishirini kwenye benchi wanageuka. Na kuna lile swali lenu lingine, "Mama nani?", mnaloliuliza kila mwanamke mtu mzima mkidhani ni heshima. Nani aliwaambia kila anayefika hapo dirishani ana mtoto wa kuitiwa?

Basi. Mwaka wa mwisho kabla ya kompyuta kuwashwa, tuliamriwa kushusha faili zote kutoka kwenye rafu na kuziandika upya katika kitabu kikubwa, kila faili na namba ya kitambulisho cha mwenyewe. Tulikuwa tunazipanga kwa jina la kwanza. Nilipofika herufi P nikafungua faili ya mtu anayeitwa Petty Chepet. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilicheka, kwa sababu hakuna mzazi aliyewahi kumpa mtoto jina Petty. Huyo alikuwa Betty Chebet, na mimi niliandika nilivyosikia. Nikainakili namba ya kitambulisho, na mkono ukasimama. Asubuhi ileile nilikuwa nimeiandika namba hiyo katika herufi B.

Nikarudi nyuma. Betty Rono, namba ileile. Beatrice Koech, namba ileile. Kisha Beatrice Chebet, faili kuukuu kuliko zote, haikuwa na namba, lakini kijiji kilikuwa kilekile, nje kidogo ya Siongiroi, na jina la mama lilikuwa lilelile. Mwanamke mmoja, faili nne.

Karani hasomi ndani ya faili. Hiyo ndiyo sheria na ni sheria nzuri. Nilisoma.

Katika miaka minne alikuwa amepata mimba nne, na zote nne zilitoka zikiwa karibu miezi mitano. Kila faili ilisema ni mimba ya kwanza. Kila moja ilikuwa na sahihi ya daktari tofauti. Maneno yalikuwa karibu yaleyale: amefika chupa ya maji ikiwa imeshapasuka, hakuwa na uchungu mwingi, alihisi tu kama anataka kwenda choo. Amesafishwa, amepewa dawa, ameambiwa apumzike, ameambiwa atapata mwingine. Wale madaktari hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aliona msichana aliyepoteza mimba ya kwanza, jambo linalowapata wengi, na wengi wao hupata mwingine kweli. Hakuna aliyekuwa ameziona nne. Zilikuwa rafuni kwangu, mita mbili kutoka moja hadi nyingine.

Chini kabisa ya ile faili ya kwanza kulikuwa na mstari wa kliniki ya kurudi baada ya wiki mbili. Daktari alikuwa ameandika: hakuonekana.

Nilikaa chini. Alikuwa ameonekana. Nilimwona mimi.

Madaktari wana neno moja la Kiingereza, abortion, na wanaliandika mimba ikitoka, iwe imetoka yenyewe au mtu ameitoa. Wao kwa wao wanaelewana. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha kusoma majalada, na neno hilo nililijua kwa maana moja tu. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, mvua inapiga mabati, mtu akilalamika huku na mwingine kule. Nikachukua faili iliyokuwa juu, nikasoma jalada, na nikapaza sauti ili nishinde mvua: "Beatrice Chebet! Yule wa kutoa mimba! Chumba namba nne!"

Msichana mmoja akasimama katikati ya benchi. Hakwenda chumba namba nne. Aliangalia dirishani, akaingiza kadi yake ndani ya sweta, akatoka nje kwenye mvua. Mimi nikaita anayefuata. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba aliacha mwavuli, na jioni nikaenda nao nyumbani kwa sababu ilikuwa bado inanyesha.

Nilizichukua zile faili nne nikampelekea Sista Wanjiru, msimamizi wa kliniki ya wajawazito. Wazazi wake walikuja huku kutoka Nyeri, lakini alizaliwa Litein, na anatukana kwa Kikipsigis vizuri kuliko sisi wenyewe. Alipoona nimefungua kurasa za ndani akaniangalia juu ya miwani.

"Sigei, tangu lini umekuwa daktari?"

"Soma tu, Sista."

Akasoma ya kwanza akiwa amesimama. Ya pili akaisoma akiwa ameketi. Alipomaliza ya nne alivua miwani.

"Nani mwingine ameziona hizi pamoja?"

"Hakuna."

"Miaka minne! Miaka minne tunamwambia atapata mwingine!" Akaipiga meza kwa kofi. Kisha nikamwambia habari ya lile dirisha. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Namba ya simu kwenye faili ya mwisho nilidhani ni yake. Nikapiga palepale, kwa sababu nilitaka kurekebisha mambo haraka, na mtu anayetaka kurekebisha mambo haraka ni hatari kuliko mvivu. Akapokea mwanamume.

"Natafuta Chebet," nikasema.

"Chebet wa nini?"

"Ni mambo ya… kadi."

"Kadi gani? Wewe ni nani unatafuta bibi yangu?"

Nikakata. Sista Wanjiru alikuwa amefunika uso kwa mikono. "Umemharibia jina mara ya pili," alisema, "na hata hujatoka kwa kiti."

Andikeni hilo mahali: namba iliyo kwenye faili ya mwanamke mara nyingi si yake. Usipige kabla hujajua nani atapokea. Sista alifanya vile ilivyopasa kufanywa. Alimtuma Rael, mhudumu wa afya wa kijiji kile, mama mtu mzima anayejua kunyamaza. Rael alimkuta Chebet akichuma chai peke yake, akamwambia kwamba hospitalini kuna mtu ameziona kadi zake zote nne, na kwamba hakuna atakayemwita kwa sauti.

Alikuja baada ya wiki moja. Tuliketi kwenye chumba cha nyuma, katikati ya masanduku, yeye, Sista Wanjiru na mimi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Nikazipanga faili mezani. Alizigusa moja baada ya nyingine.

"Hizi zote ni mimi," alisema.

Sista akamuuliza kwa upole kwa nini alibadilisha majina.

"Nikikuja na ile ya kwanza, ningesomwa tena."

"Kusomwa?"

Aliniangalia mimi. "Yeye anajua. Ni yeye alinisoma. Shangazi ya bwana yangu alikuwa amekaa nyuma yangu na kadi yake ya presha. Kabla nifike nyumbani, mama mkwe alikuwa ameambiwa. Akaniuliza, mtoto wa kijana yangu ulimtoa kwa nini? Nikasema sikumtoa. Akasema, hospitali yenyewe imesema."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejitayarisha, nilikuwa na maneno mengi, yakatoka mawili matatu na yakaisha.

"Sikukuja kwa sababu ya pole yako," alisema, bila ukali wowote. "Rael alisema hapa kuna mtu ameona zote nne. Hiyo ndiyo imenileta."

"Na sasa, Chebet?" Sista aliuliza. "Uko namna gani sasa?"

Akaingiza mikono ndani ya mifuko ya sweta.

"Miezi mbili na nusu," alisema. "Hakuna mtu anajua."

Kutoka hapo tukaanza kukimbizana na siku, na nikajua jinsi hospitali yangu mwenyewe inavyochosha ukiwa upande wa pili wa dirisha. Daktari wa wanawake alikuwa anakuja Alhamisi tu. Alhamisi hiyo alikuwa likizo. Hakukuwa na tangazo. Tuliwakuta wanawake kumi na watatu wamekaa nje ya mlango wake tangu alfajiri wakingoja mtu aliyekuwa kwao akivuna mahindi. Sista Wanjiru alipiga simu tatu mbele yangu, na ya tatu aliipiga akiwa amesimama.

Kisha kulikuwa na mashine ya bima, ile inayosoma alama za vidole. Vidole vya Chebet haikuvitambua. Wachumaji chai mnawajua: ncha za vidole zimekwaruzika na kupasuka mpaka hazina mistari. Msichana wa bima akamwambia arudi vidole vikipona. Vipone lini? Chai inachumwa mwaka mzima. Nilimwambia Chebet aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, apake mafuta ya mgando kidogo, afute, kisha aweke kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakifanyi kazi sana kwenye chai. Mashine ikakubali. Hilo hamkufundishwa chuoni. Sasa mmefundishwa.

Alhamisi iliyofuata daktari alikuwepo. Aliomba niingie, na Chebet akakubali, kwa sababu mwandiko wa faili ya tatu haukusomeka na mimi nilikuwa mtu pekee hospitalini aliyeuzoea. Nikasimama mlangoni nikisoma pale nilipoambiwa na kunyamaza pale nilipoambiwa. Daktari aliuliza maswali mengi. Akampima, akaagiza damu ichukuliwe kuangalia sukari na mambo mengine, na alipomaliza akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Nikiangalia faili moja, sioni kitu," alisema. "Nikiangalia zote nne, naona mlango wa kizazi unafunguka mapema, kabla ya mtoto kukomaa, tena bila uchungu wa kukuonya. Tunaweza kuushona na uzi, ukae umefungwa, tuutoe mwezi wa tisa. Siwezi kukuahidi, lakini ningefanya hivyo kama ungekuwa dada yangu, na ningefanya mapema."

"Ni kitu nilifanya?"

"Hapana."

"Kubeba chai?"

"Hapana. Kwa sasa usibebe mzigo mzito, lakini si chai iliyofanya haya."

"Mama mkwe alisema ni kwa sababu nilikuwa nalala sana mchana."

"Hapana, mama. Hukufanya kitu."

Alilia hapo, kwa mara ya kwanza mbele yetu. Hakulia sana. Alipanguza uso kwa ncha ya leso na kuuliza, "Basi kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

Daktari aliziangalia zile faili, Sista akamwangalia daktari, na mimi niliangalia viatu vyangu.

Alipotulia alisema jambo moja tu, kwamba mume wake aambiwe, na aambiwe na sisi. "Mimi nimemwambia miaka minne. Sasa mumwambie nyinyi."

Mume alikuwa Geoffrey Rono, mnunuzi wa ndama katika soko la Siongiroi, mtu mrefu wa maneno machache. Alikuja Jumatatu, na nadhani alikuja kwanza kumtafuta huyo mwanamume aliyepiga simu. Sista Wanjiru alimwekea zile faili mbele, akamweleza maana ya lile neno la Kiingereza, na akamweleza mara ya pili ili asije akasema hakusikia. Kisha akanitazama.

"Ni mimi nilipaza sauti siku ile," nikasema. "Na neno lenyewe nililikosea. Bibi yako hakutoa kitu. Ilitoka."

Akasimama. Nilifikiri atanipiga, na ningeelewa.

"Miaka minne," alisema, "mama yangu anakula chakula kimepikwa na huyu, na hamwiti hata kwa jina. Na mimi nakaa hapo, nakula."

Akatoka nje. Kupitia dirishani tulimwona amesimama kando ya ua wa michungwa, kofia mkononi. Chebet hakumfuata. Alikaa tu akizipanga pembe za zile faili zilingane. Mume aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakumwomba msamaha mbele yetu, na si kazi yangu kujua kama alimwomba baadaye. Alivuta kiti karibu na wa mke wake, akakaa, akauliza, "Sasa tunafanya nini?"

Siku ya kushonwa walifika, Chebet akiwa hajala tangu jana yake, wakaambiwa mtu wa kutia ganzi amehamishwa. Alikuwa amehamishwa wiki nzima na hakuna aliyefikiri kuwaambia wagonjwa. Sista aliandika barua papo hapo, na Geoffrey akampeleka hospitali kubwa, faili zote nne ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mapaja yake. Nilikuwa nimezishona pamoja kwa uzi wa magunia asubuhi ile. Kabla ya kuzishona nilimuuliza Chebet jina la kuandika juu. Alifikiri.

"Beatrice Chebet," alisema. "Ile ya kwanza."

Walimshona akiwa na wiki kumi na nne.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mtu hakai miezi mitano kwa uzi peke yake. Sista Wanjiru aliamua wanawake waliopoteza mimba wasipange foleni tena na wenye matumbo. Na kwa nini walikuwa wakipanga? Kwa sababu hakuna aliyefikiri. Wengine walilazwa wodi moja na waliojifungua, wanasikiliza watoto wa wenzao wakilia. Akachukua chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, akakifungua kila Jumatano alasiri. Wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma, walitoa kadi bila kuitwa, wakakaa. Kulikuwa na chai kwenye chupa. Wengine walizungumza na wengine walikuja kunyamaza mahali ambapo hawaulizwi kitu. Kazi yangu ilikuwa kuleta faili zao mkononi, jalada likiwa limegeuzwa chini.

Chebet mwanzoni alikataa kuja. "Nitakaa na watu wa kuniambia nini?" Alikuja mimba ilipoingia mwezi wa tano, ule wakati ambao zile nne zilitoka. Rael ananiambia wiki hizo hakulala, alikuwa anakwenda choo kila saa kuhakikisha. Jumatano ile alikaa katikati ya wanawake wawili, mmoja akimshika mkono huu na mwingine ule, kwa saa nzima.

Wiki ikapita, ikapita nyingine. Mwezi wa tisa wakakata uzi, na siku nne baadaye akajifungua msichana. Wamemwita Chemutai. Mama mkwe alikuja kumwona na blanketi jipya, na Rael, aliyekuwepo, anasema Chebet alimwacha asimame mlangoni mpaka chai ikachemka. Ndipo akamwambia, "Karibu ndani, mama."

Msifikiri kila faili inaisha hivyo. Katika chumba kile cha Jumatano kulikuwa na dada mmoja anayefanya kazi maktaba ya chuo kikuu kule Kabianga. Mimba tatu zilitoka, vipimo vyote alifanya, mume naye akapimwa, wakaambiwa hakuna kasoro iliyoonekana. Hakuna kitu cha kushona. Alikuwa anakuja na vitabu vya hadithi, anawasomea wenzake. Mtoto hajapata mpaka leo. Anakuja bado. Siku moja nilimwambia, "Utapata, mama," maneno yalinitoka tu, akafunga kitabu na kuniambia, "Mzee, usiniambie hivyo. Niambie umeniletea faili." Tangu siku hiyo nikawa namwambia, "Nimekuletea faili," na alikuwa anacheka.

Mimi nikastaafu. Nikapewa saa ya ukutani na hotuba, na aliyehutubia alikosea jina langu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napalilia sukuma wiki nikaona watu wawili langoni. Mmoja alikuwa Chebet. Hatujawahi kuwa marafiki, mimi naye. Tukikutana sokoni ananisalimu vizuri na kupita, na mimi sijaomba zaidi. Mwenzake alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, amejifunga shuka, anaangalia chini.

"Chamgei, Mzee Sigei," alisema Chebet. "Huyu ni wifi yangu, dada mdogo ya Geoffrey. Zimetoka tatu. Kadi ziko na majina mbili, moja ni ya shule. Pale dirishani wamemwambia kompyuta inasema ni mara ya kwanza."

Niliwakaribisha chai. Wakasema asante, wametoka kunywa.

"Chebet," nikasema, "mimi nimestaafu."

"Najua."

Hakuondoka. Msichana aliinua macho kidogo, akaniangalia, akayarudisha chini. Nikaweka jembe kando, nikaenda kutafuta viatu, kisha nikakumbuka ni Jumamosi na chumba cha rekodi hakifunguliwi.

Kwa hivyo Jumatatu tutakuwa pale kwenu dirishani, watu watatu. Msituambie mtandao umelala. Tutakaa.